Maombi na Pikipiki Msituni

Ndani ya tuktuk tuliyopanda, kijana aliyepakata helmeti alikuwa akimweleza mama mmoja kwamba msitu ni wa umma. "Mathe, hata sisi wa pikipiki tunalipa geti. Watu wa maombi wakitaka kimya, si waende kanisani?"

Mama alikumbatia mfuko wake. "Tulikuwa tunaomba tukitembea, mimi na dada yangu, macho tumefunga."

"Na hamkusikia injini?"

"Tulisikia. Tukadhani ni shetani anatusumbua, tukaongeza sauti."

Kijana aliigeuza helmeti mapajani mwake.

Tuktuk ikasimama mochari. Mama akashuka na nguo za kumvika dada yake. "Pole, mathe," kijana alisema, lakini injini ilikuwa bado inanguruma. Sidhani alisikia.