Unga wa Fundi Uani

Asubuhi hiyo Fundi Cherehani alifika kijiweni, kwenye lile benchi la mbele ya kinyozi, ana unga mpaka kwenye nyusi. Siku tatu mfululizo, kila jioni, alikuwa akinyunyiza unga wa mahindi uani, kutoka pipa la taka hadi mlango wa stoo, ili ajue panya wanapita wapi kabla ya kutega. Mitego sita ilikuwa mkobani. Ndani ya stoo lilining'inia gauni la harusi alilolishona wiki tatu, na kila alipokumbuka mkwaruzo aliousikia nyuma ya bati, aliongeza unga.

— Leo nimewapata! Nyayo uani kote, na mstari wa mkia katikati!

Kocha, mshona viatu ambaye hajawahi kushindwa kujibu swali, aliweka kikombe chini.

— Kinyesi je?

— Kipo. Kibichi, kinang'aa.

— Basi wapo. Kikavu ni cha waliohama.

— Juzi nyayo mbili, jana kama kumi, leo hazihesabiki.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Msomi, kinyozi mwenyewe. Hao hawapiti njia, ndugu yangu. Wanapiga gwaride.

— Panya?

— Wana mkubwa wao! Anatuma wapelelezi wawili, wakirudi salama analeta jeshi.

— Jeshi wapi! Mimi nimepitia pale kwa Fundi alfajiri, nimeona unyayo mrefu kama mkate. Yule si panya wa kawaida.

— Kocha, ule ni wa kandambili zako! Umenivurugia mstari mzima.

— Hata kama. Mwenda pole hajikwai.

Fundi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Moyo wake ulikuwa mwepesi; alama anazo, wataalamu anao.

— Sasa nitege wapi?

— Kila mahali, alisema Msomi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hapo akafika binti mmoja, mkoba begani.

— Shikamooni. Fundi, nimekuja kujaribu gauni langu. Mbona umepakaa unga?

Walimweleza wote kwa pamoja, wapelelezi, gwaride na jeshi. Bibi harusi alisikiliza bila kukaa.

— Kabla hujamwaga huo unga, uliona nini?

— Nilisikia mkwaruzo, mwanangu.

— Nauliza kuona. Nyayo? Kinyesi? Kitu kilichotafunwa?

Fundi alijipangusa unga usoni.

— Hapana. Bati lile hukwaruza hata kukiwa na upepo.

— Kwa hiyo siku tatu unawaandalia panya chakula, kutoka jalalani mpaka mlangoni kwa gauni langu?

Kocha alitazama kikombe. Msomi alianza kufuta kioo kilichokuwa safi. Fundi ndiye aliyetakiwa kujibu, lakini benchi lilikuwa tupu upande wake. Alikuwa ameshakata kona ya nyumba yake, mbio, utepe wa kupimia unapepea shingoni, na bibi harusi nyuma yake kashika viatu mkononi.