Mapigo Hamsini na Nane: Kumuaga Sista Mbinya

Mheshimiwa mwakilishi wa kaunti, Daktari Mkuu wetu Nzioki, Matroni, viongozi wa kanisa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Sista Mbinya, ambaye leo umepewa kiti chenye mito baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama: hamjambo nyote.

Mimi ni Kivuva, karani wa rekodi katika wodi ya kujifungulia hapa Ruiru. Nimeombwa, nikimuaga Sista, niisifu pia mashine yetu ya kupima mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Nitaisifu, hasa kwa sababu Nekoye, yule mama wa safu ya tatu mwenye mimba ya miezi minane, huenda akafungwa tena mkanda wake mwezi ujao. Ni mashine yenye adabu. Haijawahi kumwambia mkubwa jambo lisilompendeza.

Daftari langu, Jumanne tarehe 14 Machi 2023, linasema hivi. Saa tatu asubuhi Nekoye aliletwa kutoka Mwiki, uchungu umemshika. Tabibu Calvince akamfunga mkanda, mashine ikaonyesha 116. Mtoto mzima hupiga mia na kumi kwenda juu, kwa hivyo tukafurahi. Mimi mwenyewe niliandika "sawa" na kupiga mstari chini yake.

Sista Mbinya hakufurahi. Alishika mkono wa mama kwenye mshipa, akaweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, akainamisha sikio na kuhesabu dakika nzima.

"Mama ni tisini na mbili," akasema. "Mtoto ni hamsini na nane. Mashine inahesabu kila pigo mara mbili."

"Aki Sista!" Calvince akacheka. "Mashine mpya itakosa aje, na hiyo pembe ni ya enzi za nyanya yangu?"

"Na ndiyo iliyomsikia babako. Inama usikie, kijana."

Hakuinama. Sista akamgeukia mama.

"Nekoye, huyu mtoto alipigwa picha?"

"Eeh, pale Kimbo. Walisema moyo wake uko na kasoro, unaenda polepole. Barua niliambiwa niache mapokezi."

Ndugu zangu, barua hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa kwangu, kwenye trei ya karatasi za kupangwa kesho yake.

Sista akafungua mkanda, Daktari Beth wa zamu akaitwa, na kabla ya saa nne ambulensi ilikuwa njiani kwenda Nairobi. Huko mtoto alizaliwa kwa upasuaji, madaktari wa moyo wakiwa tayari, na akawekewa kifaa kidogo cha kuusukuma moyo wake. Sisi tungemwacha mama asukume huku tukiitazama 116 yetu nzuri, na mtoto achoke bila sisi kujua.

Je, hospitali ilinyamaza? La hasha. Sista Mbinya aliandikiwa onyo kwa kufungua mkanda bila idhini, na mashine ikashonewa kifuniko.

Sasa mtoto wa pili wa Nekoye ameonekana na kasoro ile ile. Amepangiwa kujifungulia Nairobi, lakini uchungu ukimshika ghafla, mlango wa karibu ni wetu. Sista anaishi Kimbo na ameahidi kuja akipigiwa simu, hata usiku. Shida ni askari wa lango. Kuanzia kesho Sista ni mgeni, na wageni huingia saa saba hadi saa nane mchana.

Daktari Mkuu, barua ya kumruhusu aingie wodini saa yoyote nimekwisha kuiandika. Hii hapa. Tarehe ya leo nimeweka, nafasi ya sahihi nimeiacha wazi, na Calvince, ambaye siku hizi huinama kusikiliza, amekuja na kalamu.

Desturi ni msemaji kushukuru, kisha kuketi. Basi nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Kuketi, Daktari, nitaketi ukishamaliza kuandika.