Bi Fermina Hakupita Popote

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi tulimzika Bi Fermina Macaraeg wa mtaa wa Sampaloc, mshonaji, aliyefariki akiwa na miaka themanini na minane. Mwanawe Wilfredo alitoka nyumbani Septemba 1984 kwenda kwenye maandamano. Hakurudi. Mwili haukupatikana. Narudia: mwili haukupatikana.

Kwa hiyo hapakuwa na mkesha wa maiti. Bi Fermina aliutafuta mkesha wake kwenye jumba la makumbusho, mbele ya Spoliarium. Mnaijua picha hiyo: zaidi ya mita saba za turubai, wapiganaji waliouawa wakiburutwa sakafuni, na mzee mwenye mwenge akimtafuta mwanawe kati ya maiti. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwa miaka kumi na tisa, alisimama hapo amevaa nguo nyeusi.

Arsenio, mlinzi wa ukumbi, alimzoea.

"Bibi, leo tena? Hawa jamaa hawajasogea tangu mwezi jana."

"Wewe pia hujasogea, na unalipwa."

Bi Fermina alikagua nyuso za pichani, hasa za walio gizani. Kisha akatoka.

Sote tunajua: ukitoka kwenye mkesha, huendi nyumbani moja kwa moja. Unapita mahali kwanza, ili marehemu asikufuate. Binti yake, Perlita, alimvuta mkono kila mara.

"Mama, tupite basi hata kwa muuza uji. Dakika tano tu."

"Pita wewe. Mimi nakwenda nyumbani."

"Mama, wale ni maiti!"

"Ndiyo. Na mmoja ni wa kwetu. Tulihama mwaka tisini na moja. Nyumba mpya ataijuaje?"

Perlita alipita. Anakiri mwenyewe kwamba aliogopa. Alikunywa uji peke yake, na kila alipofika nyumbani alikuta mlango uko wazi, na sahani ya wali mezani mbele ya kiti kitupu.

Jumamosi, kutoka makaburini, majirani walipita mkahawani. Perlita hakupita.

"Nilipanda jipni ya abiria mpaka nyumbani," aliniambia. "Nikaacha mlango wazi. Nikaweka sahani mbili."

Nilimuuliza kama haogopi tena.

"Naogopa sana. Lakini Mama njia anaijua. Atamleta."

Perlita, pole kwako na kwa ukoo wote wa Macaraeg. Nanyi wasikilizaji ambao mna mtu asiye na kaburi, mkisimama mbele ya picha ile, watazameni walio gizani, mmoja mmoja. Mkitoka, amueni wenyewe kama mtapita mahali.