Kahonzi, Aliyefundisha Wagonjwa Kula

Mchungaji, wazee wa mji huu, akina mama, na jamaa wote mliofika, mimi ni Lewa Fondo, fundi mwashi, ndugu wa marehemu niliyemfuata ziwa, nimeombwa nisome historia yake kwa ufupi na nisimkere mtu, basi ufupi nitajitahidi.

Dada yetu Kahonzi Fondo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 huko Ganze, mtoto wa tatu wa Mzee Fondo na mama yetu Sidi, ambao wote wametangulia, akaanza shule mwaka 1961 na kumaliza darasa la saba mwaka 1967, akafaulu vizuri, lakini baba akaona msichana kusoma hapo kumetosha, akarudishwa shambani kulima. Mwaka 1976 alipata kazi ya kubangua korosho Kilifi, na wenzake waliofanya naye, wengine nawaona hapa, wanajua kuwa mdomo wake haukuwa na mlango, akiona jambo halipo sawa alilisema hata kama msimamizi amesimama nyuma yake.

Tarehe 3 Desemba 1977 alifunga ndoa na marehemu Charo Nyale, utingo wa lori, akaja kukaa kwenye mji huu wa kina Charo, hapa nyuma ya Gede, wakajaliwa watoto watatu, Nyale aliyezaliwa 1978, Dhahabu 1981, na kitindamimba Easter, aliyezaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1985.

Mwaka huohuo Charo alianza kukonda, na hapa naomba mnivumilie, maana historia ya dada yangu haisomeki bila jambo hili. Shemeji yetu mkubwa, Mzee Mwambire, kaka yake Charo, alimleta mganga wa kwanza, akampa mgonjwa mwiko wa samaki, akaja wa pili akamkataza nazi, wa tatu akamkataza kuku na mayai, na huyo kuku aliyekatazwa akaondoka naye kwapani, wa nne akakataza kunde na kila mboga inayoteleza, ikabaki sima kavu na maji, na Kahonzi akapika hivyo hivyo kwa utiifu mpaka Charo akafariki mwezi Januari 1986, katika mji wenye mbuzi, kuku na minazi. Dada yangu aliniambia kwamba siku walipomwosha ndipo alipojua kuwa alikuwa akimuuguza mtu kwa njaa.

Mwaka 1987 alipimwa hospitali ya Malindi, akaambiwa waziwazi kuwa ana Ukimwi, neno ambalo wengi wenu bado mnalisema kwa kufunika mdomo, naye hakulia sana, alimwuliza muuguzi ale nini. Alipojibiwa alikuja kuwafundisha wengine, akizunguka kwa miguu kila nyumba yenye mtu aliyefichwa chumba cha nyuma, akiwaonyesha jamaa zao kusaga kunde na kuzitia kwenye uji, kutwanga dagaa, kupika mchicha kwa tui, kuchemsha maji ya kunywa, kumpa mgonjwa kidogo kidogo mara nyingi badala ya sahani moja ya kumtisha. Hakudanganya mtu kwamba chakula kinaponya, alisema kinampa mtu nguvu za kuishi siku zake, na akiambiwa kuna mwiko aliuliza kwa kejeli kama ni ugonjwa unaokataa samaki au ni mganga anayemtaka, watu wakacheka, wengine wakamchukia, lakini wagonjwa walikula. Bi Tima wa Mambrui, muuza samaki, alimpa dagaa na alikula naye sinia moja siku ambazo jamaa wa Kahonzi mwenyewe walimtengea bakuli lake peke yake.

Mwezi Machi mwaka huu, 1989, ugonjwa ulimlaza, koo likajaa vidonda, sauti ikakatika, na mimi nilikuwa Mtwapa kwenye ujenzi, nikiambiwa kila nikiuliza kuwa hajambo kidogo. Kumbe wakwe zake wamemwitia mganga. Jamani, Kahonzi! Alipewa miko ileile, samaki, nazi, mayai, kunde, na alipotikisa kichwa kukataa uji mtupu aliopewa ili aletewe chakula, walisema ni pepo ndiye anayekataa dawa, na watu waliokaa kwenye mafunzo yake wakala vyakula vyake walisimama mlangoni wakanyamaza. Nilifika tarehe 2 Agosti nikambeba mwenyewe, alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji, nikampeleka Malindi, na daktari akaniuliza alikula lini mara ya mwisho. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti. Ugonjwa ungemchukua, hilo nalijua, lakini haukuwa na haraka hivyo, mliuharakisha ninyi, na nina uchungu ambao sitauficha kwa ajili ya heshima ya msiba.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi waliomlisha kwa kijiko hadi siku ya mwisho, wenzake wa korosho waliolala hapa matangani, Bi Tima, na wale majirani wawili waliompitishia uji wa kunde dirishani mpaka walipofukuzwa, sitawataja, wanajijua.

Limebaki jambo moja. Easter ana miaka minne, amekonda, na nimesikia kwamba tangu juzi amewekewa miko, na Jumatatu anapelekwa kwa mganga yuleyule. Mzee Mwambire, shikamoo, najua mtoto ni wa ukoo wenu, najua mjomba hana sauti hapa, nikishtakiwa kwa wazee nitakuja, nikitozwa mbuzi nitamleta, lakini Easter anaondoka na mimi leo tukishazika. Tena sasa hivi amekaa pale mkekani na Bi Tima, anakula yai, la pili hilo, mtazameni vizuri nyote, halijamuua.

Kahonzi, dada yangu, pumzika kwa amani. Mtoto anakula.