Kapteni Oswald Nikolaus Kasanda, Rubani wa Ndege za Kivita, 1950–2025

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu mliokuwa nasi tangu Jumamosi, asalaam aleikum, wazee wangu wote shikamooni. Mimi ni Magreti, mtoto wa pili wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi huko Mikumi, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yetu, na nitasema itifaki imezingatiwa kama desturi inavyotaka, ingawa itifaki hiyo haikuwahi kumzingatia marehemu alipokuwa hai. Kamati ya mazishi imenipa karatasi moja iliyochapwa vizuri, na mshereheshaji wetu, ndugu Bryson, ameniomba nitumie dakika tano ili wageni wa heshima wapate muda wa salamu, lakini karatasi hiyo imeuruka mwaka mzima wa 2016, kwa hiyo nitasoma hii niliyoiandika kwa mkono wangu, ndugu Bryson anisamehe, na wageni wa heshima watavumilia kidogo.

Kapteni mstaafu Oswald Nikolaus Kasanda alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 3 Mei 1950, katika kota za reli hapa hapa Kidete, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu mzee Nikolaus Kasanda, aliyeletwa na kazi ya reli kutoka Tabora akabadilisha mataruma ya njia hii kwa miaka thelathini, na marehemu mama Marciana, aliyelima bustani ya mboga ukingoni mwa mto Mkondoa na kuuza stesheni kila treni iliposimama. Alisoma darasa la kwanza hadi la nne hapa Kidete, 1958 hadi 1961, kisha la tano hadi la nane Kilosa mjini, akipanda treni Jumapili na kurudi Ijumaa, na baadaye akachaguliwa kwenda sekondari Morogoro, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1969, akiwa wa kwanza darasani katika hesabu, jambo ambalo bibi Marciana alilitangaza stesheni mpaka abiria wasiomjua wakampongeza.

Alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1970, akaingia jeshini rasmi tarehe 1 Juni 1971, na mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa China kujifunza urubani, akakaa huko miaka mitatu, akajifunza lugha yao, akajifunza kunywa chai isiyo na sukari, tabia iliyomkera mama yetu hadi mwisho, na akarudi Agosti 1976 akiwa rubani kamili wa ndege za kivita. Nalisema hili polepole ili liandikwe na wanaoandika, na lirekodiwe na hao walionyoosha simu zao.

Akiwa likizo mwaka 1977 alikutana na Hildegarda, binti wa mkata miwa wa Ruaha, na walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 30 Julai 1977, huko Kidodi, wakajaliwa watoto wanne, Nikolaus, mimi Magreti, Amon na Winnie, na wajukuu kumi na mmoja. Walikuwa pamoja miaka arobaini na saba, na mama yupo hapa mbele yenu, hajala tangu juzi.

Vita vya Kagera vilipoanza Oktoba 1978, baba alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane na mtoto wa miezi minne. Asubuhi ya leo zimesomwa salamu za rambirambi zikisema kwamba aliangusha ndege tatu za adui, na familia inaomba kusahihisha, baba hakuangusha ndege yoyote, wala hakuwahi kudai hivyo, na inatuuma kwamba wale wale waliomwita mwongo alipokuwa anasema kweli ndio leo wanamsemea uongo akiwa hawezi kukataa. Nishani aliipata kwa jambo lingine. Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, ndege yake ilipigwa bawa la kushoto, mafuta yakawa yanavuja, na aliposogea uwanjani gurudumu la mbele likagoma kushuka, akaamriwa aiache ndege aruke na mwavuli, akaangalia chini akaona nyumba za watu na soko lililojaa, akakataa, akazunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha, akaitua kwa tumbo, akaumia uti wa mgongo na sikio la kulia, na hakuna mtu hata mmoja wa lile soko aliyeguswa. Alivishwa nishani ya ushujaa tarehe 1 Septemba 1980, na mimi, niliyezaliwa Februari mwaka huo, nilikuwa mgongoni mwa mama siku ile. Alipoulizwa kuhusu ushujaa wake alizoea kusema, "Ushujaa gani, mwanangu, ule mwavuli niliuogopa kuliko risasi," kisha akacheka mwenyewe.

Mgongo ulimlazimisha kustaafu Desemba 1989, akarudi Kidete kulima vitunguu, na kuanzia mwaka 1994 hadi 2009 akafanya kazi ya kuwinga ndege waharibifu katika mashamba ya mbegu kule Kilangali, akishinda juani na kombeo na debe, kazi halali iliyotusomesha sisi sote wanne. Hapo ndipo mlipompa jina la Mzee Rubani. Mlilisema kwa dhihaka, msijifanye mmesahau, mlikuwa mkimwona anapita na debe lake mnaulizana leo amerusha ndege wangapi, mnacheka mpaka mnapigana mabega, na yeye alikuwa anawapungia mkono, kwa sababu sikio la kulia lilikuwa limekufa na hakusikia nusu ya mliyosema. Nasi watoto wake tulikuwa tunasikia yote.

Desemba 2009 Mkondoa ilifurika ikabeba nyumba yetu, na pamoja na nyumba likaenda sanduku la chuma lenye vyeti vyake, picha zake, sare zake na daftari la namba za simu za wenzake wa jeshini, ikapona nishani peke yake kwa sababu mama aliikumbuka akaifunga kwenye pindo la khanga kabla ya kumshika mkono mumewe wakakimbilia tuta la reli. Mwaka 2010 wakahamia kwangu Mikumi.

Sasa nafika kwenye mwaka ulioachwa. Jumatatu, tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, baba alimwomba mama ampigie pasi shati jeupe, akavaa koti lake la kahawia, akaibandika nishani kifuani, akatembea kwa fimbo hadi kwenye kiwanja kilipofanyika kumbukumbu, akakaa kiti cha nyuma kabisa, hakuomba soda wala kipaza sauti. Ofisa mmoja, ambaye simtaji kwa sababu wanawe nawafundisha, alimfuata akamuuliza cheti cha nishani kiko wapi, baba akajibu kwamba kilichukuliwa na mto, watu wakacheka, ofisa akasema, "Mzee, hii umeiokota wapi?", na askari wawili wakaitwa wakamchukua kwa tuhuma ya kuvaa nishani ya taifa isiyo yake na kujifanya mwanajeshi, siku ya mashujaa, mbele ya watoto wa shule waliokuwa wanaimba nyimbo za kuwasifu mashujaa. Kituoni aliwatajia namba yake ya jeshi kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, wakaiandika, na katika kituo kizima chenye simu za kila aina hakuna aliyepiga simu moja kuuliza namba hiyo ni ya nani. Mtu mwenye mgongo uliovunjika kwa ajili ya nchi hii alilala kwenye sakafu ya saruji hadi Jumatano, na hilo kamati iliona lisisomwe, eti litaharibu hali ya hewa ya msiba.

Lakini nisiwasimange wengine nikajificha. Mama alikuwepo kituoni Jumatatu ile, hakuulizwa na mtu, nikaulizwa mimi. Mkuu wa zamu aliniita kaunta kwa heshima, akasema, "Mwalimu, wewe ni msomi, tusaidie tu, huyu mzee kweli alikuwa rubani wa vita?", baba akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, bila viatu, bila mkanda, amenigeuzia sikio la kushoto, lile zima, ili asikie vizuri, nami nikajibu, "Ndivyo anavyosema mwenyewe." Sikujibu hivyo kwa kutojua. Niliishi kambini mpaka nina miaka tisa, nilizishika zile picha kwa mikono yangu, nilimpelekea chai uwanjani kwa chupa ya bluu. Nilijibu hivyo kwa sababu wale askari vijana walikuwa wanatabasamu, nikataka wanione mimi ni mtu mwenye akili zangu, si mtoto wa mzee aliyechanganyikiwa. Mkuu wa zamu akafunga daftari.

Walimwachia Jumatano bila maelezo, nishani wakabaki nayo wakiiita kielelezo, na tulipomshauri amtafute mwenzake wa zamani, mzee Hussein, fundi aliyeitengeneza ndege yake wakati wa vita, aje kumshuhudia, alikataa, akasema kama nyumbani hawajui, Hussein atawaambia nini. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Tangu siku hiyo hakusimulia tena habari za kuruka, hata wajukuu walipomng'ang'ania kwa maswali aliwaambia, "Muulizeni mwalimu," akaendelea na chai yake.

Baba alianza kuugua tezi dume Novemba 2024, akalazwa mara mbili, na mara ya pili, tarehe 20 Januari 2025, muuguzi akijaza kadi alimuuliza kazi yake, baba akanitazama, akasubiri, nami sikusema neno, akajibu, "Mkulima." Aliandikwa hivyo. Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi kumi na siku tano, na kibali cha mazishi nilichokishika hapa nacho kinasema mkulima. Kulima si aibu, alilima kwa jasho, lakini jibu lile nilimlazimisha mimi.

Mzee Hussein, ambaye leo ana miaka sabini na sita, aliona tangazo la msiba kwenye kundi la WhatsApp la wastaafu, Jumatatu akapanda basi kutoka Morogoro, akaingia nyumbani, akasimama mbele ya picha ya baba akapiga saluti akilia, kisha akaenda mwenyewe kwa wahusika na barua zake, na ndani ya siku moja, siku moja tu, jeshi likaithibitisha ile namba ya marehemu. Ndiyo maana leo mnaona bendera juu ya jeneza na gwaride la vijana hawa, na ndiyo maana ambao juzi mlikuwa mnauliza Mzee Rubani anazikwa saa ngapi leo mnapanga foleni kupiga picha na wanajeshi. Jana askari mmoja kijana alileta nishani ndani ya bahasha ya kaki, akanisainisha, akaondoka bila neno la pole, na juu ya bahasha wameandika kwamba mali hii mwenyewe hajulikani. Miaka minane na nusu mwenyewe alikuwa akikaa mtaa wa pili kutoka kituoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Mikumi mliopika na kulala nasi, walimu wenzangu mlioshika vipindi vyangu, wanakwaya, wanajumuiya, ndugu zetu wa msikitini mliochimba kaburi hili bila kuombwa, na zaidi ya wote mzee Hussein, aliyefanya kwa siku moja kazi ambayo binti wa marehemu hakuifanya kwa miaka minane. Kwa wale ambao shukrani hizi haziwahusu, mnajijua.

Jambo la mwisho. Ratiba inasema nishani akabidhiwe mgeni rasmi ili aiweke juu ya jeneza mbele ya kamera, na jibu la familia ni hapana, mheshimiwa utuwie radhi. Mimi pia sitaiweka, sistahili. Ataiweka mama yetu Hildegarda, aliyekuwa tayari kujibu siku ile na hakuulizwa. Mama, bahasha hii hapa, karibu.

Na wewe baba, niliulizwa swali ukiwa hatua mbili kutoka kwangu, umenitegea sikio, nikalikwepa. Leo hakuna aliyeniuliza na wewe husikii, lakini hawa wote wanasikia. Ulikuwa rubani, na mimi nilijua. Pumzika, Kapteni Kasanda, kwa amani ambayo sisi watu wako hatukukupa.