Taulo la Benchi la Mbele

Kijiwe chetu kilikuwa sitaha ya juu ya meli, benchi la nyuma ya chumba cha nahodha, na siku ile mto Danube ulikuwa umetulia, tukishuka kuelekea Vienna. Hakukuwa na matembezi wala kanisa la kutazama. Kazi ilikuwa kunywa kahawa, kula keki ya aprikoti na kuangalia mizabibu ikipita. Wajumbe walikuwa walewale: Mkaguzi, yaani Lothar, aliyekagua tiketi za treni kule Linz mpaka akastaafu, Redio, yaani Roswitha, msusi wa Graz, mimi mmiminaji wa kahawa, na Gundula wa Vienna, ambaye hatukumpa jina la utani kwa sababu tunamwogopa kidogo. Siku ile Gundula hakugusa kikombe. Dada yake Irmgard, ambaye hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao, alikuwa amempelekea ujumbe: nitasimama ukingoni kwenye mji wa Stein, kabla ya daraja, kaa mbele nikuone. Daraja lile liko chini, kwa hiyo nahodha hataki mtu asimame, na benchi linaloutazama ukingo ule ni moja tu. Juu yake kulikuwa na taulo la buluu la meli, limetandikwa kabla hatujaamka. Kwetu sisi mtu anaweza kumpora ndugu yake shamba, lakini taulo la mtu halisogezwi.

Mkaguzi: — Huyo ni Mbavaria, wa ng'ambo ya mpaka. Hawa huweka saa iite alfajiri, wanatandika, wanarudi kulala.

Redio: — Mbavaria gani hajatokea mpaka sasa? Mwenye taulo kafa usiku, wanatuficha.

Mkaguzi: — Acha zako, Redio. Asubuhi mayai yaliisha, maana yake wote walikuja kula. Hapa hajafa mtu.

Mimi: — Gundula, kwani Egon yuko wapi? Mumeo angeuliza kwa mhudumu.

Gundula: — Kalala. Hata kifungua kinywa hakuja. Akivua vifaa vyake vya masikio, mumwangushie kengele ya kanisa hashtuki.

Redio: — Basi sikieni. Kuna mwanamke chumba cha chini, miwani myeusi, hasalimii mtu. Kamkimbia mumewe. Taulo ni ishara kwa hawara yake, yuko mlimani na darubini.

Mkaguzi: — Darubini ya nini? Taulo limewekwa na nahodha mwenyewe. Watu wakijazana mbele, pua ya meli inazama. Nimefanya kazi ya usafiri, najua mizani.

Redio: — Ulikuwa unatoboa tiketi, Lothar.

Mkaguzi: — Ndani ya chombo kinachotembea, mama.

Tulicheka, Gundula hakucheka. Alikuwa ameshavaa skafu ya njano, maana alimwahidi Irmgard atavaa ya njano. Nilimwonea huruma, nikamsogezea keki yangu.

Gundula: — Dürnstein hiyo imepita. Stein ndiyo inafuata. Nikikaa hapa nyuma ataona ukuta wa nahodha. Atasema sikuja.

Mimi: — Nenda ukakae pembeni ya taulo.

Gundula: — Limetandikwa benchi zima.

Mkaguzi: — Zima kabisa. Huyo ana familia.

Redio: — Ana familia na mbwa.

Ndipo ngazi zikalia, akapanda Egon mwenyewe, nywele zimesimama, anachomeka kifaa cha sikio la pili.

Egon: — Gundula, mbona umekaa huku? Si nilikutandikia taulo pale mbele alfajiri?

Mkaguzi alichungulia ndani ya kikombe chake. Redio akamega kipande kikubwa cha keki, akakijaza mdomoni. Kipaza sauti kikaamuru kila mtu aketi, daraja hilo linakuja.

Gundula hakuketi. Alikimbia sitaha nzima kwa viatu vya nyumbani, akajitupa juu ya taulo, akaanza kupepea skafu kwa mikono miwili. Ukingoni kulikuwa na mwanamke mwembamba mwenye koti la kijani. Hakupunga. Aliweka viganja mdomoni, akamwita dada yake kwa jina la utotoni.

— Gundi, umenenepa.

Gundula alikuwa analia na kucheka pamoja, na sisi nyuma tulikuwa hivyohivyo, sioni haya kusema.

— Na wewe umebaki mifupa. Njoo Vienna nikulishe.

Yule mwanamke alipaza sauti tena, lakini daraja likatufunika, sote tumeinamisha vichwa, na mngurumo wa malori juu ukalimeza jibu. Tulipotokea upande wa pili Stein ilikuwa nyuma ya nguzo.

Gundula: — Kasemaje? Jamani, kasemaje?

Mkaguzi hakusikia. Redio hakusikia. Mimi nilisikia malori tu. Egon ndiye pekee aliyekuwa na vifaa masikioni.

Egon: — Kasema kesho, treni ya asubuhi. Na usimpikie maini.

Gundula: — Hapo ni yeye. Maini hajawahi kuyapenda.

Akarudi kijiweni, akanyoosha kikombe nimmiminie.

Birika lilikuwa tupu.