Nyumba ya Magomeni Ilikuwa na Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mkiniona natetemeka hapa mbele, msidhani ni baridi. Nikiyasema mambo haya, ile hofu inarudi.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli hapa Kilosa. Alipofariki, nikaambiwa nirudishe nyumba ya kazini. Nilikuwa na watoto wawili, na miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, asiye na makazi ya kueleweka mjini aliogopa kupakiwa kwenye lori na kupelekwa kijijini kwa nguvu. Mimi nikisikia tu mngurumo, nawasukuma wanangu chini ya kitanda!

Ndipo akaja dalali mmoja, Sudi. Akasema kuna nyumba Magomeni, hapa hapa Kilosa, mwenyewe amehamia kijijini Magole, anataka iuzwe upesi. Akanipeleka kuiona. Nyumba nzuri, ya matofali ya kuchoma, bati juu. Lakini jikoni moto ulikuwa unawaka.

"Kaka, nani anapika humu?"

"Mlinzi tu, dada. Ukizubaa, kuna mwalimu anaitaka."

Akanikataza kabisa kuongea na majirani, eti wataniharibia. Ndugu zangu, nilijiuliza usiku kucha. Nikimkatalia, nitalala wapi na watoto? Nikikubali, naingia wapi?

Asubuhi ya kwenda kulipa nilipiga magoti. "Bwana, mimi sioni. Nionyeshe." Nikafunga akiba ya marehemu kwenye kanga, nikatoka. Haleluya! Miguu haikwenda aliponisubiri Sudi. Nikajikuta napiga hodi kwenye nyumba ile.

Kimya. Nikazunguka uani. Kwenye migomba nikamwona bibi mmoja amejikunyata, amejifunika kaniki, anatetemeka kuliko mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, usinipeleke!"

"Nikupeleke wapi?"

"Kijijini. Sudi kaniambia nyie mnaokuja kukagua ni watu wa serikali. Kila mkija nijifiche, mkiniona mtanipakia. Na nyumba hii kaniachia mume wangu!"

Nikaketi chini kando yake. Mjane mwenzangu! Nilikuwa nakuja kumtoa kwake, naye alikuwa ananikimbia mimi!

Bado tumekaa chini, Sudi akasimama mlango wa uani. "Kumbe uko huku! Fungueni midomo muone. Nawapeleka wote wawili kama wazururaji."

 Nilitaka kukimbia. Bwana akanipa sauti, nikapiga yowe ambalo sijawahi kulipiga maishani! Majirani wakamiminika, na balozi wa nyumba kumi akiwa mbele yao.

"Sudi," balozi akauliza, "nyumba ya Bi Mwanahawa unaiuza kwa ruhusa ya nani?"

Sudi aligeuka mbio. Aliruka ua, akatokomea. Tulisikia ameonekana Dumila akidandia basi, na Kilosa hakurudi tena.

Bi Mwanahawa ni Mwislamu, nami mnanijua. Alinishika mkono, akasema, "Vyumba vipo. Kawalete wanao." Balozi akatutambua kama watu wa nyumba moja. Baadaye bibi akaniuzia kipande cha kiwanja chake, yeye mwenyewe, majirani wote wakishuhudia, na hapo ndipo nilipojenga. Asante, Yesu!

Ndugu yangu uliyekaa hapo, kama unaharakishwa na kuambiwa usimwulize mtu yeyote, simama kwanza. Mwite Bwana. Usingoje hofu iishe ndipo umwite. Mimi nilimwita nikiwa naogopa hivyo hivyo, naye akanisikia.